Saa za mama: kabla hujalinganisha Weusi, Weupe na Walatino

REHEMA: Kaka Musa, nikuulize bila kuzunguka. Kule Marekani, nani anakaa na watoto wake zaidi: mama Mweusi, Mweupe, Mlatino au Mwasia?

MUSA: Kukaa kwa maana ipi, dada? Takwimu nyingi zinatoka kwenye utafiti wa matumizi ya muda wa Ofisi ya Takwimu za Kazi, unaoendelea tangu 2003. Katika kila kaya iliyochaguliwa anapigiwa simu mtu mmoja, miaka 15 kwenda juu. Anaisimulia jana yake, kuanzia saa 10 alfajiri hadi saa 10 alfajiri ya leo.

REHEMA: Kisha yanaandikwa vipi?

MUSA: Mama anapika saa 11 hadi 12 jioni, mtoto wa miaka 7 yuko palepale jikoni na madaftari yake. Tendo kuu ni kupika, kwa hiyo safu ya malezi inapata dakika 0. Safu ya "ulikuwa na nani" inapata 60. Ya tatu, ya mtoto wa chini ya miaka 13 unayemwangalia huku ukifanya jambo jingine, 60 vilevile.

REHEMA: Eh! Na kumsuka nywele?

MUSA: Hayo ni malezi. Ila kwenda naye kanisani ni ibada, kula naye ni kula, televisheni ni televisheni. Wanaoshinda na watoto wao ibadani na mezani, safu ya kwanza inawapunja.

REHEMA: Basi pengo linalotajwa kati ya akina mama Weusi na Weupe ni la makaratasi tu?

MUSA: Hapana, lipo. Kwa tendo kuu, wastani wa akina mama Weusi uko chini ya wa Weupe. Lakini linganisha wenye elimu moja, hali moja ya ndoa, saa sawa za kazi na kitindamimba wa umri mmoja, uone linavyosinyaa. Mtu akiruka hatua hiyo halafu akaanza kuhubiri "utamaduni", mimi simsikilizi.

REHEMA: Na bibi wa watoto anayeishi nao?

MUSA: Akimwogesha mjukuu, shajara ya mama, yaani ile simulizi ya jana yake, haina dakika hizo. Mtoto kaoga lakini.

REHEMA: Wanaopakua data wenyewe hukosea wapi?

MUSA: Uzito wa takwimu, yaani kuipa kila siku iliyohojiwa nafasi yake halisi ndani ya wiki. Nusu ya siku zinazohojiwa ni Jumamosi na Jumapili, makusudi. Ukikokotoa wastani bila uzito, umempa kila mama wikendi ya siku 3 na nusu. Waasia nao ni wachache kwenye sampuli, lazima uunganishe miaka kadhaa. Ukifika 2020 kumbuka simu zilisimama kuanzia katikati ya Machi hadi Mei.

REHEMA: Na asiyejua Kiingereza?

MUSA: Kihispania kipo. Kiswahili hakipo. Mama Mkongomani aliyefika juzi akiwa na Kiswahili chake tu hahojiwi, ingawa wastani wa "Weusi" unasomwa kana kwamba na yeye yumo.