Mara ya Pili kwenye Mtihani wa CDIP

Wenzangu wa kumbukumbu za afya, na ninyi wauguzi mliotoka zamu ya usiku mkaja hapa moja kwa moja, asanteni sana. Nimeombwa nizungumzie mtihani wa CDIP, cheti cha wanaohakikisha kumbukumbu za madaktari zimeandikwa sawasawa, ule wa AHIMA, chama cha Marekani cha wataalamu wa kumbukumbu za afya. Mara ya kwanza nilianguka.

Maswali ni 140 na muda ni saa 3. Ukigawanya, kila swali lina sekunde 77 hivi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukariri misimbo ya ICD-10, ile inayopewa kila ugonjwa. Kila asubuhi kwenye matatu ya Thika Road nilishika kadi zangu, nikifumba macho na kutaja msimbo mmoja mmoja. Misimbo niliijua. Nilichokosa ni kujua mpaka kati ya ninachokiona mimi kwenye faili na alichokiandika daktari.

Masharti ya mtihani hayaturuhusu kusimulia maswali yake, kwa hiyo mfano huu nimeutunga mwenyewe. Mgonjwa amelazwa Jumatatu akitapika na kuhara. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, ni 0.9. Jumatano asubuhi imefika 1.6. Amewekewa dripu, mkojo unapimwa, na daktari ameandika tu: "Endelea na dawa zilezile." Utafanya nini?

Mimi wa zamani ningeandika jeraha la ghafla la figo, tena kwa kujiamini, maana vigezo vya KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya magonjwa ya figo, vinasema kreatinini ikipanda kwa 0.3 au zaidi ndani ya saa 48, kigezo kimetimia. Hesabu ni sahihi, jibu si sahihi. Kutambua ugonjwa ni kazi ya daktari. Kazi yetu ni kumwandikia swali: tumwekee vipimo na tarehe zake, matibabu aliyopewa mgonjwa, kisha tumpe majibu ya kuchagua yanayoendana na ushahidi huo, pamoja na "nyingine" na "haiwezi kubainika". Tusimsukume kwenye jibu tunalolitaka, na tusitaje kabisa kwamba jibu fulani litaongeza malipo ya hospitali. Nilipolielewa hili, maswali mengi ya mazoezi yaliyokuwa yakinitesa yalifunguka.

Kuna jambo dogo hapo ambalo sisi wa Nairobi tuliangalie. Hapa tumezoea kusoma kreatinini kwa mikromoli kwa lita, Wamarekani wanaisoma kwa miligramu kwa desilita. Ile 0.3 yao ni kama 26.5 kwetu. Zoeeni vipimo vyao kabla ya siku yenyewe, sekunde 77 hazitoshi kubadilisha hesabu kichwani.

Neno "pengine" nalo liliniponza. Kwa mwongozo wa Marekani wa kuweka misimbo, mgonjwa aliyelazwa akiruhusiwa kwenda nyumbani na daktari ameandika "pengine nimonia", unaiwekea msimbo kana kwamba imethibitishwa. Kwa mgonjwa wa nje hairuhusiwi, unaweka msimbo wa dalili, kikohozi au homa. Neno ni lilelile, kanuni mbili. Nilizikariri zote mbili bila kujiuliza kila mara mgonjwa yuko wapi, kitandani au kliniki.

Vitabu sitasema mengi. Mwongozo huu hubadilika kila tarehe 1 Oktoba, na mimi mara ya kwanza nilisomea nakala ya kuazima iliyopitwa na wakati. Angalieni mwaka kwenye jalada.

Kwa miezi mitatu kabla ya kurudia, niliacha kadi. Kila jioni nilijitungia mgonjwa mmoja na kumwandikia daktari wake swali moja kwa mkono, kisha dada mmoja muuguzi alilisoma na kupigia mstari kila neno lililokuwa likimwelekeza daktari. Wiki ya kwanza karatasi zilirudi zimejaa mistari. Iliniuma, lakini ndiko nilikojifunza. Mara ya pili nikapita.

Sasa toeni kalamu. Niandikieni swali kwa daktari wa yule mgonjwa wa Jumatano. Mkimaliza, badilishaneni na jirani, mpigiane mistari.