Ujenzi Ukikwama: Kusoma Makosa ya Imeji ya Hifadhidata

Jambo yenu, ndugu zangu. Asanteni kwa kufika, na nyinyi mliotoka Likasi asubuhi, asanteni zaidi.

Jambo lenyewe wengi humu ndani mnalijua kwa uchungu. Umeandika Dockerfile yako, yaani faili ya maelekezo ambayo Docker huyafuata kujenga imeji (programu na vyote inavyohitaji katika furushi moja). Unataka seva ya hifadhidata ya PostgreSQL yenye PostGIS, nyongeza yake ya kazi za ramani, na kiendelezi kimoja au viwili ulivyovichagua mwenyewe. Unapiga `docker build`, mega zinaliwa, na mwishowe unaona mistari myekundu. Hapo wengi wetu hupiga amri ileile tena, kwa matumaini. Naomba tuache desturi hiyo. Hapa Lubumbashi mega tunazinunua kwa pesa zetu, na umeme wa SNEL unaweza kukatika kabla vifurushi havijamaliza kushuka. Anayejenga upya bila kusoma anapoteza vyote viwili, na kosa linabaki palepale.

Tuanze na logi, yaani maandishi yote ambayo ujenzi unayatoa. Tangu Docker Engine 23.0, mwaka 2023, injini ya kawaida ya ujenzi kwenye Linux ni BuildKit, na BuildKit hupenda kukunja mistari ili skrini ipendeze. Wewe unaitaka yote. Andika `docker build --progress=plain . 2>&1 | tee ujenzi.log`, kisha fungua faili hiyo kwa utulivu. Usiishie kwenye mstari wa mwisho, kwa sababu huo unakwambia tu kwamba hatua fulani haikukamilika, pamoja na namba ya kosa (exit code). Panda juu hadi kosa la kwanza.

Ila namba nayo ina maana yake. 127 ni amri isiyopatikana: mara nyingi mtu ameanzia imeji ya Alpine, Linux ndogo, halafu akaandika `apt-get`, kisakinishi cha Debian (APT), wakati Alpine hutumia `apk`. 126 ni faili iliyopo lakini haina ruhusa ya kuendeshwa. 100 huwa inatoka kwa `apt-get`. Na 137 ni 128 kuongeza 9, yaani mchakato umeuawa kwa ishara ya 9, na mara nyingi aliyeua ni kerneli, kiini cha Linux, baada ya kumbukumbu (RAM) kuisha. Hiyo utaiona ukikusanya (compile) kiendelezi kutoka msimbo wake kwa `make -j` kwenye laptop ya giga 4. Usiguse msimbo. Weka `make -j1`, uwe na subira.

Sasa nije kwenye kosa linalowachanganya watu kuliko yote: faili haikuguswa na mtu, jana ilijenga, leo imekataa.

Chukua kazi ya kuweka visima vya maji vya Katuba na Ruashi kwenye ramani. Mji wetu uko kwenye kanda ya 35 kusini ya UTM, mfumo wa ramani unaoigawa dunia kwa kanda; namba yake katika orodha ya mifumo ya ramani ni EPSG:32735, na PostGIS inafaa kabisa kwa kazi hiyo. Mtu ameandika `FROM postgres:16`, halafu akasakinisha `postgresql-16-postgis-3` na kuifunga kwa toleo kamili, yaani akataja toleo hilo tu na si jingine, lenye mkia `pgdg120+1`. Mkia huo unasema kifurushi kimetengenezwa kwa Debian 12. Debian 13 ikatoka tarehe 9 Agosti 2025, na baada ya hapo lebo ya `postgres:16` ikahamia juu ya Debian 13. PostgreSQL ni ileile 16, lakini sakafu iliyo chini yake imebadilishwa. APT inatafuta toleo lenye `pgdg120` kwenye orodha ya Debian 13, hailioni, inaacha kazi. Wewe unasoma Dockerfile yako mara kumi na huoni kosa, kwa sababu kosa liko katika lile neno fupi la mstari wa kwanza. Taja sakafu kwa jina: `FROM postgres:16-bookworm`.

Hata hivyo hujamaliza. Hazina ya vifurushi ya mradi wa PostgreSQL huweka matoleo mapya mbele, na ya zamani huhamishiwa `apt-archive.postgresql.org`. Kwa hiyo hata ukibaki Debian 12, toleo ulilolifunga linaweza kuondoka mahali pake. Kwa seva ya kujifunzia, mimi ningefunga imeji ya msingi tu na kuacha PostGIS ije na toleo lililopo. Kwa seva inayobeba mipaka ya viwanja vya watu, ningefunga kila kitu na kuongeza hazina hiyo ya matoleo ya zamani. Mpaka wa kiwanja ni mali ya familia; seva yake isibadilike kwa bahati.

Kuna kosa jingine linalofanana na hilo. Watu huandika `apt-get update` kwenye hatua yake na `apt-get install` kwenye hatua nyingine. Docker hutunza matokeo ya kila hatua, yaani tabaka, kwenye kache ili iyatumie tena. Mwezi ujao unabadilisha mstari wa pili tu, orodha ya zamani inatumika tena, APT inaenda kuomba kifurushi ambacho hakipo tena, na jibu ni 404. Ziunganishe kwa `&&` katika `RUN` moja.

Saa ya mashine pia ichunguzeni. Kompyuta iliyozimika ghafla huku betri yake ndogo ya saa imekufa huwaka ikiwa nyuma. APT hapo hulalamika kwamba faili ya Release "is not valid yet", na vyeti vya usalama navyo vinakataliwa. Hata anayeweka saa ya Kinshasa kwenye mashine iliyopangwa kwa Lubumbashi amejirudisha nyuma saa nzima. Piga `date` kabla ya kuilaumu intaneti.

Kosa lililojificha zaidi ni la bomba. Ukiandika `wget` kisha `|` kisha `tar`, ganda (shell), linaloendesha amri zako, hutazama matokeo ya amri ya mwisho peke yake. Upakuaji ukikatika katikati, kuna amri za mwisho zitakazoridhika na kidogo zilichopewa. Hatua inahesabiwa imefaulu, na ujenzi unaanguka hatua tatu mbele, mahali pasipo na hatia. Weka `SHELL ["/bin/bash", "-o", "pipefail", "-c"]` juu ya hatua hizo.

Na kama logi haijatosha, ingieni ndani. Weka alama ya `#` kwenye hatua iliyoanguka na zote zilizo chini yake, jenga hadi hapo, kisha `docker run --rm -it --entrypoint bash` ukitaja jina la imeji. Tabaka za juu zitatoka kwenye kache, hakuna mega inayoliwa. Sasa piga ile amri kwa mkono wako. Utaona kwamba faili ya `postgres.h`, inayohitajika kukusanya kiendelezi, haipo kwa sababu hukusakinisha `postgresql-server-dev-16`, au kwamba umesakinisha ya 15 ambayo ndiyo Debian 12 inayo yenyewe. Kwangu hii ndiyo njia bora kuliko zote, maana unaacha kubahatisha na kuanza kuuliza.

Imeji ikikubali, itunzeni. `docker save -o seva.tar`, ukitaja jina la imeji, inaitoa kama faili moja. Mwenzako wa Likasi anaipokea kwenye flashi na kuipakia kwa `docker load` bila kushusha chochote. Kabla ya kumpa, muulize prosesa yake ni ya aina gani. Imeji iliyojengwa kwa amd64, ikiwashwa kwenye mashine ya arm64 isiyo na kiigizaji, hutoa "exec format error", na mwenzako ataanza kutafuta kwenye Dockerfile kosa ambalo halimo.