Katikati ya Uwanja

Wanangu, somo la leo kwenu marubani wanafunzi ni kupaa kwenye uwanja mbaya; nianze na Butiaba, kando ya Ziwa Albert, Uganda. Januari 1954 mwandishi Ernest Hemingway na mkewe Mary walipata ajali mbili za ndege kwa siku mbili. Kwanza ndege yao ndogo, Cessna, ilinasa waya karibu na maporomoko ya Murchison. Wakaokolewa kwa meli hadi Butiaba, na hapo wakapandishwa ndege nyingine, de Havilland Rapide. Uwanja ulikuwa mbovu. Ndege ikakimbia ikirukaruka, ikashindwa kupaa, ikashika moto. Hemingway aliubomoa mlango kwa kichwa, fuvu likapasuka.

Butiaba iko chini, mita 600 na kitu juu ya bahari. Kwa hiyo msidhani hatari hii ya kushindwa kupaa ni ya nyanda za juu peke yake. Huko juu, kweli, mambo huwa magumu zaidi: kwenye uwanja wa futi 5,500, jua likifikisha nyuzi 28, hewa huwa nyepesi, injini na mabawa hufanya kazi kana kwamba mko juu ya futi 8,000. Lakini nyasi mbichi na udongo laini huiba mwendo popote pale.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wamepotelea. Rubani anaona miti ya mwisho wa uwanja inamjia. Anavuta usukani. Ndege inanyanyuka kweli! Karibu na ardhi bawa hupata nafuu, upinzani wa hewa hupungua, kwa hiyo ndege huelea hata kwa mwendo usiotosha. Nafuu hiyo huisha kadiri unavyopanda, na ukifika kimo cha upana wa mabawa, ncha hadi ncha, imekwisha. Hapo ndege inaanza kuzama, rubani anavuta zaidi, bawa linashindwa kubeba, na bawa moja linalala. Kwa kimo hicho hakuna nafasi ya kujirekebisha. Ukinyanyuka mapema, shusha pua kidogo, kaa karibu na ardhi hadi mwendo ukamilike, ndipo upande.

Na kabla ya kuwasha injini, weka alama katikati ya uwanja. Mimi hufunga kitambaa chekundu kwenye kichaka. Kama unahitaji mwendo wa noti 60 kunyanyuka (noti ni kipimo cha mwendo wa ndege), ukifika kwenye kitambaa uwe na 42, yaani asilimia 70. Una 38? Ondoa nguvu, shika breki. Usijadiliane na nafsi yako, wala na abiria anayewahi ndege ya Ulaya. Shusha mizigo, au subiri baridi ya asubuhi.

Kesho saa kumi na mbili na nusu tunautembea uwanja wote kwa miguu, tukikanyaga udongo kwa kisigino na kutafuta mashimo ya ngiri. Ndege tutaigusa baadaye.