Ufundishaji mseto: tuanze kwa kupunguza

Wahadhiri wenzangu,

Kozi nyingi za mseto, yaani zinazochanganya darasa na mtandao, huharibika kabla video ya kwanza haijarekodiwa. Mihadhara ya darasani inabaki yote, kisha juu yake zinaongezwa video, mijadala ya mtandaoni na majaribio ya kila wiki. Mwanafunzi anabebeshwa kozi moja na nusu kwa alama za kozi moja. Atachoka, na cha kwanza kuachwa ni kile cha mtandaoni.

Kwa hiyo anzeni na hesabu ya saa. Kozi yenye saa 3 za darasani kwa wiki, ikihamishia saa 1 mtandaoni, darasani zibaki 2, na ratiba rasmi ibadilishwe. Ndani ya saa hiyo wekeni video mbili fupi na jaribio la maswali 5, basi. Video ya dakika 8, kwa anayeisimamisha na kuandika, yaweza kumchukua dakika 15 au zaidi. Hesabuni hizo 15.

Kuhusu urefu, uchunguzi wa video za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, uliochapishwa mwaka 2014, uliopitia vipindi milioni 6.9 vya kutazama, ulionyesha kuwa muda wa kati wa kutazama haukuzidi dakika 6, hata video iwe ndefu namna gani. Tazameni pia uzito wa faili. Dakika 10 za video kwa kilobiti 500 kwa sekunde ni kama megabaiti 38. Sauti peke yake kwa kilobiti 64 haifiki megabaiti 5. Anayeishi kwa bando dogo atawashukuru mkimwekea sauti na slaidi, tena zinazopakulika.

Jaribio lifungwe jioni ya kuamkia kipindi, ili mhadhiri apate kuona swali lililowashinda wengi. Kipindi kifunguliwe na swali hilo hilo. Jaribio lipewe alama, lakini chache: majaribio yote ya muhula yasizidi asilimia 10. Bila alama hayafanywi. Alama zikizidi, majibu yananakiliwa.

Hapa sasa ndipo penye mtihani wa mhadhiri mwenyewe. Nusu ya darasa imekuja bila kutazama video. Huruma inamshika, anaifundisha upya ubaoni. Waliojiandaa wameadhibiwa, na wiki ijayo nao hawatatazama. Nawasihi, msirudie. Waliojiandaa waanze kutatua maswali kwa vikundi vya watu 4. Wengine wakae kando na simu na visikizi, watazame, ndipo wajiunge.

Kufundisha waliopo darasani na walio mtandaoni kwa wakati mmoja ni jambo jingine, na ni gumu zaidi. Maikrofoni ya mhadhiri haichukui swali la mwanafunzi wa nyuma, hivyo rudieni kila swali kabla ya kulijibu, na awepo msaidizi wa kusoma ujumbe. Asipopatikana, msijaribu.

Muhula wa kwanza, badilisheni mada moja tu: ile ambayo wanafunzi huifeli zaidi katika mitihani yenu.