Umekula?

Ahsanteni kwa kunikaribisha. Waandaaji waliniomba nizungumzie namna ya kubaki na maelewano na mtu mliyeachana. Nikauliza, kwa nini mimi? Nikajibiwa, "Si wewe unaelewana na wa kwako?" Kweli, tunaelewana. Ila hawakuuliza nilipitia wapi.

Tulipoachana, vitu vyake vilivyobaki kwangu vingeenea kwenye begi moja. Mimi nikavirudisha kwa safari sita. Leo chaja, wiki ijayo kitabu, siku nyingine soksi. Shati moja nililipiga pasi kabisa, nikalikunja mikono vile anavyopenda. Moyoni najisifu: huu ndio ustaarabu! Kumbe nilikuwa natafuta dakika tano za kusimama mlangoni kwake.

Mnacheka. Wengine mnacheka kwa kujijua.

Mwaka 2010, mtafiti Mmarekani Helen Fisher na wenzake walichapisha utafiti wa watu 15 walioachwa huku bado wanapenda. Waliwapiga picha za ubongo wakiwa wanatazama sura za waliowaacha. Zilizoamka ni pamoja na sehemu zinazohusika na uraibu wa kokeini. Sasa wewe umemwacha mtu juzi, halafu unamwambia, "Tubaki marafiki tu." Ni sawa na kumwita mlevi aliyeacha pombe jana aje akusindikize baa, yeye anywe soda.

Kwa hiyo naanza na ukimya. Ukimya wa kuagana, si wa kununa. Mwambie mwenzio waziwazi: "Sina kinyongo na wewe, ila kwa sasa naomba tusiwasiliane." Na ukishasema hivyo, usiende kupiga chabo kwenye status zake saa nane za usiku. Huo si ukimya, ni ulinzi.

Muda ukipita, jiulize unautakia nini huo urafiki. Rebecca Griffith na wenzake, mwaka 2017, walizikusanya sababu zinazowafanya watu wabaki marafiki na wapenzi wa zamani, wakapata nne: kumwona kama mtu wa kutegemewa, mambo ya kushirikiana kama watoto au fedha, adabu tu ya kutotaka ubaya, na mapenzi ambayo hayajaisha. Hiyo ya nne ndiyo iliyoonekana kuzaa machungu zaidi. Tatizo lake, nionavyo mimi, huwa inavaa nguo za hizo tatu. Shati langu la pasi lilijifanya adabu.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Mkiachana, wema unaweza kubaki. Kinachoondoka ni haki. Huna tena haki ya kujua alipo, aliye naye, wala kwa nini amechelewa kujibu. Chukua ujumbe wa neno moja, saa nne usiku: "Umekula?" Neno halina kosa, hata mama mtu huliuliza. Lakini kabla hujabonyeza kutuma, fikiria jibu linarudi hivi: "Nimekula, tulitoka na mwenzangu." Utalala? Kama utalala, tuma. Kama utaanza kuhesabu huyo mwenzake ni nani, weka simu chini. Bado hujawa rafiki, wewe ni mpenzi asiye na cheo.

Wenye watoto, nyinyi hamna anasa ya kunyamaza moja kwa moja. Basi mazungumzo yawe ya mtoto: homa, ada, saa ya kumchukua. Na asigeuzwe tarishi wa vijembe.

Na kama ulikuwa unapigwa, unatishwa au unachungwa kama mfungwa, haya yote hayakuhusu. Hudaiwi urafiki na mtu wa aina hiyo, hata salamu. Mtu akikwambia "samehe mrudishe mawasiliano," mwache aseme.

Naona mkono kule nyuma. Naam, dada? ... Safari ya sita nilipeleka nini? Ufunguo. Huo niliuficha mpaka mwisho, bila shaka. Alipofungua mlango, nyuma yake niliona jozi ya viatu nisivyovijua. Nikampa ufunguo, nikasema, "Msalimie mgeni." Sauti ilitetemeka kidogo. Baada ya hapo tulikaa karibu mwaka mzima bila kuongea. Aliyeanza kupiga simu ni yeye, akitaka namba ya fundi bomba.