Tusisubiri Awe Tayari: Vijana Wenye Usonji, Kazi na Maisha ya Kujitegemea

Wazazi, walimu, waajiri mliopata nafasi ya kufika, na ninyi vijana mliochagua viti vya karibu na mlango, karibuni. Anayetaka kusimama, kutembea au kutoka nje kidogo wakati naongea, afanye hivyo bila kuomba ruhusa.

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, akiwa Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11 ambao hali yao haikufanana na maradhi yoyote yaliyokuwa yakijulikana. Makala ile ni miongoni mwa misingi ya uelewa wetu wa usonji, yaani hali ya kuzaliwa nayo inayoathiri namna mtu anavyowasiliana na wengine na kupokea yanayomzunguka. Mtoto wa kwanza kuelezwa humo ni Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Habari za utoto wake zimesomwa sana vyuoni. Wachache walijisumbua kuuliza aliishia wapi. Basi alisoma hadi chuo kikuu, akamaliza mwaka 1958, akafanya kazi benki kwa miongo kadhaa, akajifunza kuendesha gari akiwa na miaka 27, na baadaye akawa anafunga safari za nchi za mbali peke yake. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

Kuna mzee hapo ameshaanza kutikisa kichwa, na najua kwa nini. Benki ile ilikuwa na mkono wa familia yake. Kweli kabisa, na wengi wetu hatuna benki ya ukoo. Ila tuangalie benki ile ilimwondolea nini: ilimwondolea lango. Aliingia kazini mahali ambapo watu walikwisha kumfahamu, akajifunza kazi akiwa ndani ya kazi. Vijana wetu wengi wamekwama nje ya lango hilo, nasi tunawaambia wasubiri hadi wawe tayari.

Hili neno “tayari” ndilo ninalogombana nalo jioni ya leo. Nimekutana na vijana waliohudhuria mafunzo ya kujiandaa na kazi, kisha mafunzo mengine ya kujiandaa, mpaka kujiandaa kumegeuka ndiyo kazi yenyewe, isiyo na mshahara. Anayebuni mafunzo hayo ana nia njema. Kinachomshinda ni jinsi usonji unavyofanya kazi. Wengi wenye usonji hujifunza kitu pamoja na mahali pake. Kijana anaweza kukunja nguo bila kosa kwenye meza ya darasani, halafu ukimpeleka dukani, penye meza ya urefu mwingine, taa kali na muziki, akasimama kama hajawahi kuona shati. Mwalimu anasema amesahau. Hajasahau. Ulimfundisha kukunja nguo za darasani, na dukani si darasani.

Kwa hiyo utaratibu unageuzwa: mpe mtu nafasi kwanza, kisha mfundishe palepale. Njia hii ya ajira yenye usaidizi ilianza kushika kasi Marekani miaka ya 1980. Kiini chake ni mkufunzi wa kazini. Kabla kijana hajafika, mkufunzi hutangulia pale na kuifanya kazi ile kwa mikono yake mwenyewe, akaigawanya katika hatua ndogo, akatazama nani anakaa wapi, kelele inatoka upande gani, na nani ana subira. Kijana akianza, mkufunzi yupo ubavuni. Baada ya muda anasogea kando, halafu anaanza kupita mara moja moja. Mkufunzi asiyejua kuondoka ni tatizo, kwa sababu wafanyakazi wengine wataongea naye badala ya kuongea na kijana. Tangu siku ya kwanza atafutwe mfanyakazi wa palepale atakayeulizwa maswali mkufunzi akishaondoka.

Mfano unaojulikana sana ni mpango wa Project SEARCH, ulioanza mwaka 1996 katika hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani. Vijana humalizia mwaka wao wa mwisho wa shule ndani ya taasisi yenyewe, wakizunguka idara kwa idara: kupanga vifaa, kusafisha vyombo vya tiba, kujaza stoo. Watafiti wa jimbo la Virginia waliuongezea mpango huo usaidizi maalumu wa usonji na kuupima kwa kulinganisha makundi mawili. Matokeo ya awali yalitoka mwaka 2014: katika vijana 24 waliopitia mpango, 21 walipata ajira ya kweli, katika 16 waliobaki na huduma za kawaida, alipata mmoja. Ni kundi dogo, silisemi kama neno la mwisho. Lakini tofauti kama hiyo haiji kwa bahati. Na vijana wale walikuwa na mahitaji makubwa ya msaada, hawakuchaguliwa kwa wepesi wao.

Sasa niwageukie waajiri. Takwimu za serikali ya Uingereza za mwaka 2020 zilionyesha kwamba ni takriban asilimia 22 tu ya watu wazima wenye usonji waliokuwa na kazi ya aina yoyote. Sababu ni nyingi, ila kubwa mojawapo iko mikononi mwenu: usaili. Usaili hupima kumtazama mgeni machoni, kujisifu kwa kiasi kinachokubalika, na kujibu papo hapo maswali yasiyo na mpaka kama “tueleze kuhusu wewe”. Kama kazi ni kukagua hesabu au kupanga mizigo, umepima nini? Mwaka 2004 Thorkil Sonne wa Denmark, baba wa mtoto mwenye usonji, alianzisha kampuni ya Specialisterne, ambayo iliuweka usaili kando na kuwapa waombaji kazi za kufanya, kama kuunda roboti kwa vipande vya kuchezea vya Lego, huku wakitazamwa. Temple Grandin naye, profesa wa sayansi ya mifugo mwenye usonji, amesimulia mara nyingi jinsi alivyopata wateja kwa kuwaonyesha michoro ya miundombinu ya ng'ombe aliyoibuni. Mchoro uliongea kabla yake.

Lakini msitoke hapa mkidhani kila mwenye usonji ni fundi wa kompyuta. Dhana hiyo imewaumiza wengi. Wapo wanaopenda mimea, wapo wanaopenda kufua, wapo wasiotumia maneno kabisa na wanaonyesha picha kwenye kibao kueleza wanachotaka, na hao pia wana kazi wanazoziweza kwa saa chache kwa siku.

Mabadiliko kazini kwa kawaida hayana gharama. Badala ya “fanya haraka iwezekanavyo”, sema “nikabidhi kabla ya saa nane”. Andika maelekezo. Ratiba ikibadilika, toa taarifa mapema. Ruhusu vizuia sauti masikioni. Saa ninayoihofia kuliko zote ni ya mapumziko. Kazi ina hatua, mapumziko hayana: ukae na nani, uongee nini, utani ujibiwe vipi? Nimeona kijana hodari akipoteza kazi kwa sababu ya mapumziko, wakati kazi yenyewe haikuwa na dosari. Wengine watasema afundishwe mazungumzo. Sawa, lakini mtafiti Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: wasio na usonji nao hushindwa kuwasoma wenye usonji. Wafundisheni basi na wenzake. Na kama anataka kula peke yake akisoma ramani za reli, muacheni na reli zake.

Nije nyumbani. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Mzazi anayemfungulia mwanawe wa miaka 20 kifuniko cha chupa anamfundisha kitu kila siku, nacho ni kwamba kifuniko hufunguliwa na mama. Anzeni mapema: aamke kwa kengele yake, ajue dawa zake na saa zake, alipe dukani kwa mkono wake, apande basi, kwanza mkiwa pamoja, kisha wewe ukiwa viti vya nyuma, kisha ukimsubiri kituoni. Kwa wengi kujua namna ya kuoga hakuna shida; shida ni kuanza, na kukumbuka kinachofuata. Orodha ya picha ukutani au kengele ya simu humaliza ugomvi ambao makelele ya mzazi hayakuumaliza kwa miaka kumi.

Kujitegemea hakuna maana ya kufanya kila kitu peke yako. Hakuna mtu humu ukumbini anayeishi hivyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, katika ibara ya 19 unazungumzia haki ya kuchagua mahali pa kuishi na mtu wa kuishi naye. Kijana anayehitaji msaidizi wa kumwogesha bado anaweza kuchagua msaidizi yupi, na saa ngapi.

Mama hapa mbele ameuliza swali ambalo wazazi wengi hulificha: “Nikifa, nani atamwangalia?” Mama, jibu lianze ukiwa hai. Alale usiku mmoja kwa ndugu, halafu mbili, halafu wiki, wakati bado upo wa kupigiwa simu. Andika anachopenda, kinachomtisha, namna anavyoonyesha maumivu, na kumbukumbu zake za hospitali. Kisha mpe yeye mwenyewe aipitie karatasi hiyo na kuisahihisha, au msomee kwa picha. Kuhusu pesa, mfundishe kiasi kidogo kwanza na umwache akikosea kwa kiasi hicho. Mfundishe pia kwamba rafiki anayeomba namba ya siri si rafiki. Hilo lirudiwe kwa mifano mingi, kwa sababu wapo wanaowawinda vijana wanaoamini kila wanachoambiwa.

Swali la mwisho limetoka kwa kijana wa karibu na mlango, kwa maandishi. Anauliza: “Lazima nimwambie mwajiri kwamba nina usonji?” Mara nyingi si lazima, ndugu yangu. Uamuzi ni wako, wala si wa baba yako au wangu. Katika nchi nyingi, ukisema, sheria hukupa nguvu ya kudai marekebisho. Ukinyamaza, ni vigumu kumlaumu mtu kwa jambo asilolijua. Wapo waliosema wakapokelewa vizuri, na wapo waliosema wakaanza kuongeleshwa kama watoto wadogo. Kuna njia ya katikati: taja unachohitaji bila kutaja jina la hali yako. “Nafanya kazi vizuri zaidi nikipewa maelekezo kwa maandishi.” “Naomba meza iliyo mbali na mlango.” Andika sentensi mbili za namna hiyo zinazokufaa wewe. Nitakuwa kwenye benchi pale nje, palipo kimya, na kama utapenda tuzisome pamoja, njoo nazo.