Manati kwenye mpunga: usipige maji!

Karibuni tena. Tuko Ahero, Kisumu, juu ya matuta ya mpunga, na ndege tunaokuja kuwafukuza wamefika kabla yetu. Manati hii ni ya panda ya mpera, natengeneza na kuuza mwenyewe. Kufunga mpira nilishaonyesha, leo sirudii.

Shida ya leo ni maji. Jaruba limejaa, ndege ametua chini, nawe unachuchumaa asikuone. Usichuchumae! Ukichuchumaa, gololi inakwenda sambamba na maji, na ikiyagusa hivyo haizami, inadunda, kama vijiwe wanavyorusha watoto ziwani pale Dunga. Yuko Mmarekani, Kurt Steiner, mwaka 2013 kijiwe chake kilidunda mara 88. Gololi yangu ilidunda mara moja tu, ikatoboa jerikeni la uji la jirani, tuta la tatu. Jirani alikuwa ameketi hapo hapo kando. Uji nilimlipa, salamu bado hajanirudishia.

Tazama. Mbele kuna tuta refu la mfereji, hakuna mtu. Nasimama wima, napiga maji hatua tano mbele yangu. Chubwi! Imezama. Sasa kule mbali, hatua ishirini... ngoja, simu imeanguka. Kijana, ishike vizuri, ukae nyuma yangu. Si pembeni, nyuma! Ikidunda inaweza kukata kushoto ama kulia. Haya... mmeona? Imeruka mpaka tutani, na nilikuwa wima! Gololi ama jiwe la mviringo likigusa maji kwa pembe ya chini ya digrii 10, hesabu kwamba litaruka. Gololi ya chuma nayo hudunda, ikigusa maji kwa digrii kama 5. Watu hudhani uzito utaizamisha.

Ndiyo maana mimi natumia udongo. Chota huu mweusi wa hapa uwanda wa Kano, viringa donge dogo kuliko ndimu, anika kidogo tu. Usikauke ukawa tofali! Bonyeza kwa kidole gumba: kikiacha alama, uko sawa. Kisipoacha, tupa, usijaribu bahati. Angalia likigonga maji... limesambaratika.

Lenga juu ya masuke, kishindo kinatosha kuwafukuza. Kabla ya kuvuta, angalia nani ameinama ng'ambo akipalilia. Mpunga ukirefuka mtu haonekani, kwa hivyo piga kelele kwanza.

Na usichu... wewe kijana, mbona umechuchumaa? Simama! Wale wamerudi, nipe donge.